Soko la usiku la Eymet: njoo na sahani yako, na uje mapema

Kila Juni ikiingia simu yangu haipoi. Mmoja yuko London, mwingine Brussels, mwingine Rotterdam. Wamekodi nyumba ya mawe yenye bwawa huku Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa wiki moja, na swali lao ni lile lile: dada, na watoto hawa tutakula wapi? Jibu langu nalo halibadiliki. Mgahawa uacheni. Jumanne jioni, Julai na Agosti, nendeni soko la usiku la Eymet mkale uwanjani pamoja na mji mzima. Nimeamua kuliandika mara moja nipumzike, na pia kwa sababu maelezo mengi ya masoko haya yameandikwa na watu wanaokunywa mvinyo na kula nguruwe bila wasiwasi. Hao hawajawahi kujiuliza chipsi zile zimekaangwa kwa mafuta gani.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa huku, na kazi yangu ya kiangazi ni kusafisha nyumba za kukodisha, hizi zinazoitwa gîte. Wenye nyumba wengi ni Waingereza waliostaafu. Nyumba hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi: wageni wa zamani watoke saa nne asubuhi, wapya waingie saa kumi jioni, na katikati ya hapo ni mimi na mashuka, mimi na mafuta ya jua yaliyogandia kwenye makochi, mimi na jiko la kuchomea nyama ambalo hakuna aliyeona haja ya kulisafisha. Jumamosi za Agosti ni kiama. Kwa hiyo Jumanne nikitoka kwenda kula nje nataka mambo mawili tu: nisipike, na nisioshe chochote. La kwanza soko hili linanipa. La pili, mtaona wenyewe, halinipi.

Mji wenyewe kwanza. Eymet ni mji mdogo wa mawe, kama kilomita 25 kusini mwa Bergerac, kando ya mto Dropt. Uliasisiwa mwaka 1270 na Alphonse de Poitiers, nduguye mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa, kwa ramani ya miji mipya ya zama zile inayoitwa bastide: mitaa imenyooka, inakatana vizuri, na katikati pameachwa uwanja wa mraba uliozungukwa na baraza zenye matao. Faida yake kwa mlaji wa leo ni kwamba ukumbi wa kulia ulishajengwa zaidi ya miaka 750 iliyopita; kilichobaki ni kupanga meza na mabenchi.

Waingereza wamehamia hapa wengi, hata kuna klabu ya kriketi, katika nchi ambayo watu wake ni wa raga. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya wapo wa aina mbili mezani. Waliokuwa wakiishi hapa kabisa walipata kadi za ukaazi, wametulia. Wenye nyumba ya likizo tu, wasio na kadi wala viza ndefu, wanaruhusiwa kukaa siku 90 tu ndani ya kila siku 180, basi Julai utawakuta wanahesabu kwa vidole: tuliingia Pasaka, tukatoka Mei, zimebaki ngapi? Mimi niliyewahi kupanga foleni ya makaratasi tangu alfajiri huwasikiliza kwa utulivu mkubwa, na huwapakulia saladi.

Sasa utaratibu. Linaitwa soko la usiku lakini mnafika jua linawaka. Mwanzoni mwa Julai Magharibi huku ni saa nne kasoro usiku, na wauzaji wanawasha majiko saa moja jioni au kabla yake. Meza ndefu zinapangwa uwanjani, vibanda vinazunguka pembeni, kila kibanda na chakula chake. Unakwenda kibanda hiki unachukua nyama, kile unachukua chipsi, kile kingine kitamtamu, unarudi navyo mezani kwenu. Hakuna mhudumu, hakuna kuweka nafasi kwa simu, hakuna kiingilio. Vyombo unakuja navyo: sahani, kisu, uma, bilauri, vitambaa vya mikono. Vibanda vingine vitakupa kisahani cha karatasi na kijiti cha mbao, lakini jaribu kukata nyama ya bata kwa kijiti cha mbao juu ya karatasi uone itakavyoruka hadi kwa jirani. Vinywaji mara nyingi hutolewa kwenye vikombe vya plastiki ngumu vya kurudishwa. Unaweka dhamana, kawaida yuro moja kwa kikombe, na unarudishiwa ukikirudisha. Watoto wamegundua biashara hapo. Wanazunguka meza za wazee waliochoka kusimama, wanakusanya vikombe vilivyosahaulika, na kufikia saa nne wana hela ya aiskrimu.

Meza hazina majina. Anayewahi ndiye mwenye meza, na kuwahi kuna mbinu zake. Kuna bibi mmoja wa Kiingereza ninayemsafishia nyumba, huyo ni mwalimu wa jambo hili. Saa kumi na mbili na nusu yuko uwanjani na kikapu chake cha ukindu. Kwanza anatandika kitambaa cha meza cha rangi ya bluu, kirefu, kinachofunika nafasi ya watu kumi. Juu yake anaweka vibanio vinne vya chuma ili upepo usikinyanyue. Kisha anapanga sahani za melamini, mshumaa wa mchaichai wa kufukuza mbu, kopo la chumvi, na mito midogo ya kukalia, kwa sababu mabenchi ni mbao tupu na mazungumzo ni marefu. Akimaliza anakaa peke yake katikati ya kitambaa, miwani ya jua usoni, na hakuna Mfaransa atakayethubutu. Wafaransa wenyeji hufika saa mbili wakiwa hawana haraka, wanabusiana mashavu na nusu ya uwanja, halafu wanashangaa kwamba hakuna pa kukaa. Hapo ndipo mnasogeana. Waholanzi waliopiga kambi karibu na mto huja na viti vyao vya kukunja, na sanduku la barafu lenye saladi waliyotengeneza kambini, wananunua chipsi tu. Wanasemwa kwa hilo. Mimi siwasemi, watoto wanne na bei hizi, hata mimi ningechemsha mayai.

Bei, basi. Kwa msimu uliopita nililipa hivi: sahani ya nyama ya bata na chipsi kama yuro 15, sahani ya chaza sita na limau yuro 8 au 9, chapati ya maji yenye sukari yuro 3, sahani ya chipsi peke yake yuro 4. Familia ya watu wanne wanaokula kwa adabu inatoka na yuro 50 hivi. Mgahawani huku kwa hela hiyo watu wawili wanashiba, na wa tatu anatazama. Vibanda vingi vinakubali kadi siku hizi, ila wauza matunda na wazee wa konokono ni taslimu tu, na foleni ya mashine ya pesa siku ya Jumanne ni ndefu. Toeni mapema.

Huku ni nchi ya bata. Bata yuko katika kila kitu: paja lililopikwa polepole ndani ya mafuta yake, firigisi zake kwenye saladi, ini lake lililonona kwa kulishwa mahindi kwa nguvu, na kifua chake, magret, ambacho ndicho mfalme wa soko. Kifua hicho kinachomwa juu ya makaa ya vijiti vya mizabibu vilivyokatwa majira ya baridi na kukaushwa. Nimesimama mbele ya jiko hilo kwa muda mrefu nikitazama tu. Mzee anakikata ngozi yake yenye mafuta kwa chale chale za mraba, anakilaza upande wa ngozi chini, mafuta yanadondoka, moto unaruka juu kwa ghafla, naye anausogeza wavu pembeni kwa ncha ya fimbo bila kuacha kuzungumza na mteja. Anageuza mara moja. Akikitoa anakiacha kipumzike juu ya ubao, kisha anakipasua vipande vyembamba, na katikati ni chekundu. Hapo ndipo Waswahili wengi mtasita. Ukitaka kiive kabisa sema, atakuivishia, lakini uso wake atausononesha.

Siili nyama hiyo kwa kuwa haikuchinjwa kisheria, kwa hiyo ladha yake nimeiachia shoga yangu wa Bukavu anayefanya kazi Bordeaux, Mkristo, asiye na pingamizi na bata. Huja kwa treni hadi Bergerac nikamchukue. Alitafuna kwa muda, akafumba macho, akasema: "Iko na damu damu, lakini iko muzuri sana, iko sawa na nyama ya ng'ombe ile ya mafuta." Akaongeza sahani ya pili. Nalichukulia hilo kuwa hukumu.

Kwa Waislamu sasa, na someni hapa polepole. Chipsi na viazi vya duara vinavyopikwa na vitunguu saumu na majani ya kotimiri ya kizungu, vile vya mtindo wa Sarlat, asili yake hukaangwa kwa mafuta ya bata. Si vibanda vyote vinavyofanya hivyo kwa chipsi, vingine hutumia alizeti, lakini lazima uulize. Tena usiulize tu, tazama. Kuna soko la kijiji kingine, sikitaji, nilimuuliza muuzaji akaniambia kwa tabasamu "mafuta ya mimea, madamu", huku nyuma ya mgongo wake ndoo nyeupe kubwa imeandikwa mafuta ya bata kwa herufi za kiganja kizima. Nilimwonesha ndoo kwa kidole. Akasema hiyo ni ya viazi vingine. Karai lilikuwa moja.

Kome wanaopikwa kwenye masufuria mapana wananukia vizuri mno, na wananukia hivyo kwa sababu ya mvinyo mweupe. Waacheni, au muulizeni mpishi kama ana sufuria la krimu lisilotiwa mvinyo. Mara nyingi hana. Soseji ni nguruwe isipokuwa zile nyekundu za merguez, ambazo ni za kondoo au ng'ombe, ila uchinjaji wake ni swali lingine. Saladi ya jibini la mbuzi na jozi ni nzuri, jozi za Périgord, jina la kale la Dordogne, zina sifa yake, lakini mwambie asitie firigisi wala vipande vya nguruwe, na umwambie kabla hajaanza kupakua maana mkono wake umezoea. Chapati za maji za sukari, za limau, za chokoleti, hazina shida. Ile wanayoimwagia pombe na kuiwasha moto mtaiona wenyewe, inawaka.

Chaza ndio wokovu. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii vya baharini havitupi tabu. Chaza hawa wanaletwa kutoka ghuba ya Arcachon, upande wa bahari ya Atlantiki, wakiwa hai ndani ya vikapu vya mbao na barafu. Muuzaji anawafungua mbele yako kwa kisu kifupi kinene: anaingiza ncha ubavuni, anazungusha kiwiko, mlio mdogo unasikika, kifuniko kinatoka. Wafaransa wanatia siki iliyokatiwa vitunguu vidogo. Mimi nakamua limau, halafu natoa kwenye mkoba chupa yangu ya pilipili ya kukaanga niliyotengeneza nyumbani. Hilo ni shauri langu kubwa kwa Mswahili yeyote anayekuja kula nchi hii: kuja na pilipili yako. Chakula cha huku kimepikwa kwa ustadi, chumvi yake sawa, mafuta yake sawa, lakini ulimi wako utakaa unasubiri kitu hadi unarudi nyumbani. Chupa yangu imezunguka meza nyingi. Bwana mmoja wa Yorkshire aliyeishi Nairobi zamani hunitafuta kwa ajili yake tu.

Msimu uliopita kulikuwa pia na kibanda cha mama wa Mayotte, na kwa hilo soko lilipanda daraja mbele yangu. Mabawa ya kuku ya kuchoma, halali, sambusa za nyama na za samaki, ndizi mbichi za kukaanga. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kimaore, tukaelewana zaidi ya nusu na nusu nyingine tukaijaza kwa Kifaransa. Sambusa zake ni ndogo, manda yake nyembamba na kavu, na ndani hakukuwa na uchoyo wa nyama. Yuro 5 kwa sita. Mabawa yalikuwa na ndimu na tangawizi, yamekaa kwenye viungo tangu asubuhi, mtu haambiwi. Wauza chakula hubadilika mwaka hadi mwaka, basi sitaweka dhamana kwamba mtamkuta. Mkimkuta, nunueni mwanzo kabisa, kwani saa mbili na nusu anafunika karai.

Mtaniuliza kama ni Forodhani. Si Forodhani. Pale Unguja chakula kina harufu inayokuvuta toka Ngome Kongwe, na bei unaipigania. Hapa hakuna kupatana bei, na ukijaribu watakutazama kwa huruma. Lakini Forodhani kuna yule kijana anayekuzungukia akitaka ununue kwa bosi wake, na ukimaliza kula huna pa kukaa kwa raha. Hapa ukishakaa, umekaa. Unaweza kununua sahani moja ya chipsi ukabaki hadi saa tano usiku na hakuna atakayekusogelea kukuuliza unaongeza nini. Kwa mtu aliyesimama juu ya ufagio tangu alfajiri, hicho ndicho ninachokilipia.

Salamu ni sharti. Ukifika mbele ya muuzaji usianze na "nataka". Anza na "bonsoir", subiri ajibu, ndipo useme shida yako. Wageni wengi kutoka miji mikubwa wanalalamika kwamba Wafaransa wa mashambani wana jeuri, kumbe wao ndio walioingia bila hodi. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatuna taabu hapo. Wala msishangae mkikaa kando ya watu msiowajua na wakawasalimu mmoja mmoja, mkono kwa mkono, kuanzia babu hadi mtoto. Mfanye vivyo hivyo.

Chakula kikishapungua muziki unapanda. Kunakuwa na bendi ya watu wanne watano wenye nyimbo za miaka ya themanini, na ikifika zamu ya madison uwanja mzima unasimama. Ni ngoma ya mistari: hatua kadhaa mbele, kugusa, kurudi, kugeuka upande, na kuanza tena. Wanaijua wote, muuza mkate, karani, bibi wa miaka themanini na mjukuu wake. Waingereza wanageukia upande usio wao na kugongana na watu, na wanacheka wenyewe. Shoga yangu wa Bukavu aliisoma raundi moja tu, ya pili alikuwa mstari wa mbele amewatilia kiuno. Mstari wote wa nyuma ukajaribu kumwiga. Sitasema zaidi.

Kama mnataka kuswali Magharibi, kutoka uwanjani hadi kwenye nyasi za mtoni ni mwendo mfupi, na hakuna atakayewasumbua. Bebeni mkeka na chupa ya maji.

Joto lisidharauliwe. Watu wanadhani Mtanga hawezi kusema neno kuhusu jua, lakini joto la huku halina upepo wa bahari. Mamlaka ya hali ya hewa ikitangaza rangi ya chungwa au nyekundu, mchana unaweza kufika nyuzi 38 na zaidi, na mawe ya uwanja yanaendelea kutoa joto hata jua likishazama. Wenyeji hufunga mbao za nje za madirisha asubuhi na kukaa gizani hadi jioni, wageni wa Kiingereza hufungua kila kitu kupata hewa, kisha wananipigia simu saa nane mchana kuniuliza kwa nini nyumba imekuwa tanuri. Siku za namna hiyo chagueni meza upande wa baraza za magharibi mwa uwanja, kivuli kinafika huko kwanza. Na baada ya joto huja radi. Mvua kubwa ikitabiriwa soko linaweza kuahirishwa, kwa hiyo tazameni tangazo la ofisi ya meya mchana huo kabla hamjapakia watoto garini.

Gari, ndiyo. Bila gari mambo ni magumu. Treni ya Bordeaux kwenda Sarlat inapita Bergerac, haipiti Eymet, na teksi ya kurudi usiku ni ya kupanga siku kabla. Anayeendesha asinywe. Kiwango cha sheria ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na kwa mwenye leseni changa ni 0.2, yaani hata bilauri moja inaweza kumponza. Na kiangazi askari hupenda kusimama kwenye mizunguko ya barabara nje ya miji saa tano usiku. Mimi nasimamishwa, napuliza, nasoma sifuri, wananitakia usiku mwema. Shoga yangu kiti cha pembeni anasinzia na chupa yake tupu ya rosé, mvinyo wa rangi ya waridi, ya Bergerac.

Mkiweza, rudini tena Alhamisi asubuhi, ndiyo siku ya soko la kawaida la mji. Hilo ni la kununua, si la kukaa. Nendeni kabla ya saa nne, kwa sababu saa sita na nusu mchana watu wanafunga virago na mji mzima unakwenda kula, na mgahawa ukiufikia saa nane mpishi ameshavua aproni. Kwa matikiti yale ya ndani rangi ya chungwa, simameni kwa mzee yeyote mwenye foleni ya wenyeji. Hatakuuliza unataka kilo ngapi. Atakuuliza utalila lini. Ukisema leo mchana anachagua moja, ukisema kesho jioni anachagua jingine. Analiinua kwenye kiganja kupima uzito, anabonyeza kwa dole gumba pale penye kikonyo, ananusa kitako chake, analirudisha, anachukua la pembeni. Siku moja bibi yangu wa Kiingereza aliomba matatu: la leo, la kesho, la keshokutwa. Yakaandikwa kwa kalamu kwenye ganda, 1, 2, 3. Kila moja lilikuwa tayari siku yake, na sijaona duka lolote kubwa lenye friji lililowahi kufanya hivyo. Nyanya nazo nzuri, za upande wa Marmande hapo jirani. Bamia hamtaziona. Pilipili zipo, za kupamba.

Hukumu yangu ni nyota nne kati ya tano. Chakula nyota tatu na nusu, kinapanda hadi nne kama mama wa Mayotte yupo. Kukaa, nyota tano, sina mahali pengine huku ambapo mtu wa usafi, mwenye nyumba anayemsafishia, karani wa posta na mgeni wa Rotterdam wanakula kiwiko kwa kiwiko bila mtu kuuliza nani kamwalika nani. Nyota iliyopungua ni ya vyoo, na nasema kwa masoko yote ya usiku ya vijiji ninavyovijua: watu mamia, milango miwili mitatu, karatasi zimekwisha kabla ya bendi kuanza, na maji ya kujisafishia hakuna. Watoto wapitisheni nyumbani kabla ya kutoka. Na vyombo vichafu vifungeni kwenye mfuko wenye zipu; mafuta ya bata ya watu wengine, yakimwagika kwenye zulia la gari, hayatoki kwa sabuni ya kawaida. Nimejaribu na ya magadi, inasaidia kidogo.